Kabla Hujambeba Swala wa Bandia

Moraa mwanangu,

Mama yako amekuchukua mmeenda Daraja Mbili kutafuta masweta ya mitumba. Najua hamtarudi kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu mama yako hawezi kununua kitu kabla hajakigeuza nje ndani mara tatu na kumkasirisha mwenye kibanda. Kwa hiyo nina saa nne hivi. Nimeketi kwenye meza yako, nimelisogeza sanduku lako ili nipate pa kuweka miguu. Kesho asubuhi gari la kukupeleka Nairobi litakuwa hapa langoni, na wewe utaondoka bila kujua jambo ulilopaswa kulijua kabla hujaikubali ile kazi.

Habari za baridi, za pasipoti, za kutompokelea mtu mzigo usioujua uwanjani, hizo utaambiwa na mama na shangazi zako mpaka masikio yachoke. Mimi niache nizipite.

Utashangaa kwamba nimekuandikia kwa Kiswahili, maana humu ndani hatusemi Kiswahili mpaka mgeni aje. Sababu ni kazi yangu. Miaka ishirini na saba nimesimama mahakamani kati ya hakimu na watu wetu, nikigeuza Ekegusii kuwa Kiswahili. Na jambo la kwanza mkalimani anafundishwa ni kwamba hasemi "huyu anasema alimkata." Mtu akikiri kwamba alimkata jirani yake kwa panga, mimi namgeukia hakimu nasema, "Nilimkata jirani yangu kwa panga." Nasema mimi. Sauti haipandi, haishuki. Nimekiri makosa ya watu wengi sana, Moraa. Nimeua, nimeiba, nimechoma nyumba za watu wakiwa wamelala, halafu saa saba nikaenda kula chapati na maharagwe. Hakimu mmoja aliwahi kuniambia anapenda kufanya kazi na mimi kwa sababu uso wangu hausemi kitu. Nilimshukuru. Hakujua kwamba uso huo nilikuja nao kazini.

Kwa hiyo kwa Kiswahili naweza. Kwa Ekegusii nimejaribu, nikiwa peke yangu katikati ya majani chai, na sijawahi kufika mwisho wa sentensi.

Jumapili iliyopita ulinionyesha video kwenye simu. Ulikuwa umefurahi sana. Ulisema ni yule mwenye ranchi ya Wyoming ameituma, ili wewe na wenzako mnaoenda kujifunza ufugaji mjue kazi za huko. Nilidhani ni ng'ombe. Nikaona watu wawili wamechuchumaa kwenye nyasi kavu nyuma ya ubao uliochongwa na kupakwa rangi kama mnyama, yule swala wao wa mbio mwenye matako meupe na pembe zenye tawi mbele. Mnyama wa kweli alikuwa mbali juu ya kilima. Akatazama. Akainamisha kichwa, akaanza kuteremka mwenyewe, kwanza anatembea miguu imekakamaa, kisha anakimbia.

"Tata, ona hii kitu," ulisema. "Ni ubao tu wamechora, na mnyama anakuja mwenyewe hata hafukuzwi. Mwaka jana ni msichana wa Uganda alikuwa anaishika. Sasa itakuwa mimi."

Nikakuuliza, "Unaishika wapi?"

"Mbele. Mwenye upinde anakaa nyuma yangu."

"Nyuma yako karibu?"

"Gaki, jamani Tata, si ni kazi rahisi? Ni kama kushika mwavuli. Na ni miezi miwili tu, wakati wawindaji wanakuja, halafu tunarudi kwa ng'ombe."

Nikakwambia nimesikia ndama analia, nikatoka. Ndama hakuwa analia. Nilienda nikasimama kwenye majani mpaka jua likazama, na mikono yangu ilikuwa baridi kutoka vidoleni mpaka kwenye viwiko. Mama yako aliponiuliza, nikasema nadhani ni malaria.

Ile kazi naijua, Moraa. Niliifanya miaka miwili kabla sijaoa, mimi na baba mkubwa wako Nyangau.

Wewe unamjua Nyangau aliyekuwa akichechemea, aliyekaa kwenye ile nyumba ya mabati hapo juu peke yake hadi alipofariki mwaka jana wakati wa masika. Hukumjua akikimbia. Kaka yangu alikuwa na mbio za kuudhi. Tukitumwa pamoja Nyamache sokoni, alifika, akanunua, akarudi akanikuta njiani na kunicheka. Alikuwa amenizidi miaka minne, na kila kitu nilichokijua ni yeye aliyekuwa amenionyesha. Kukamua, kupogoa migomba, kupiga mshale. Hata kunyoa ndevu alinifundisha kabla ndevu hazijaota.

Siku hizo ukiyaacha mashamba ya mwisho ya majani na kuteremka kuelekea kwa majirani zetu wafugaji wa ng'ambo, kulikuwa na nyika ya nyasi ndefu, na swala walikuwepo. Kuwinda kulikuwa kumekatazwa, kama kulivyo sasa. Tulijua. Nimewahi kusimama mahakamani nikamkalimania mzee aliyekamatwa na mguu wa swala kwenye gunia, nikasema, "Ndiyo mheshimiwa, nilimuua mimi," na nilijua kisu kinaingilia wapi kumchuna huyo mnyama. Sisi hatukuwahi kukamatwa. Nyangau alikuwa akisema swala ana kwato zilizopasuka na anacheua, kwa hiyo Biblia haina neno naye na mchungaji mwenyewe angekula akikaribishwa. Tulikuwa Waadventista hata katika wizi.

Mbinu aliigundua yeye. Aliona kwamba msimu wa kupandana, dume mwenye majike wake hawezi kuvumilia dume mwingine amkaribie. Anaacha kula, anaacha hata kukuogopa. Kwa hiyo humfukuzi. Unamwonyesha mpinzani, tena mdogo kuliko yeye, ili apate ushujaa wa kuja kumfukuza. Tulichukua ngozi ya kidume kichanga na pembe zake, tukaitandaza juu ya fito, ndani tukajaza majani makavu ya mgomba. Tulimwita Omogeni, mgeni. Tukimtoa kwenye dari ya jikoni Nyangau alikuwa akisema, "Mgeni ameamka, tumpeleke akatembee."

Kanuni zilikuwa chache na zote zilikuwa zake. Upepo uje usoni mwetu. Mbebaji atangulie, mpigaji awe nyuma yake kiasi cha kumgusa bega. Usimsogeze Omogeni dume akitazama. Mwinue akiwa ameinama kula, ili akiinua kichwa amkute tayari pale kama amekuja kwa miguu yake. Mwonyeshe ubavu. Kisha ngoja. Dume atatazama muda mrefu mpaka magoti yako yaume, halafu atainamisha kichwa, na hapo ujue anakuja.

Kanuni ya mwisho ilikuwa kitambaa. Nyuma ya Omogeni, chini ya mkia, upande ambao dume haoni na mpigaji anauona, Nyangau alikuwa amefunga kipande chekundu cha leso ya zamani ya mama yetu. Ukiona chekundu, hapo ni mtu, shusha upinde. Nilimwambia hakina kazi kwa sababu siku zote tunakaa pamoja. Akasema, "Siku moja hatutakaa pamoja."

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa.

Kulikuwa na dume mmoja mkubwa aliyevunjika ncha ya pembe. Wiki tatu alikataa kuja. Alikuwa akifika hatua sitini, anasimama, anapuliza pua, anarudi kwa majike wake. Nyangau alisema ana akili, tumwache. Mimi niliamua kwamba ni kile kitambaa, upepo unakipeperusha na dume anakiona pembeni. Alhamisi jioni, Nyangau akiwa mtoni anaoga, nilipanda darini nikakifungua. Sikumwambia. Nilijua angekataa. Na kuna jambo lingine ambalo lilinichukua miaka kulikubali: nilitaka dume aje kwanza, aanguke, halafu nimwambie kaka yangu kwamba ni mimi niliyejua sababu. Nilitaka mara moja tu niwe mimi niliyejua.

Ijumaa tulichelewa kutoka. Tulimkuta dume mteremkoni jua limeshaanza kwenda. Unaijua Ijumaa ya nyumbani kwetu, nyanya yako alitaka jua likizama kila mtu awe ameoga, amevaa, amekaa mahali pamoja na kitabu cha nyimbo. Kuchelewa Sabato ilikuwa ni kumwaibisha mbele ya majirani. Nyangau akatazama jua, akatazama dume, akasema tukienda pamoja polepole hatutawahi. Akasema, "Mimi nazunguka na Omogeni kule kwenye kichuguu. Wewe lala hapa kichakani. Atanitazama mimi, atapita mbele yako." Hatukuwahi kuachana kabla ya siku hiyo. Akanigeukia akasema, "Ukiona nyekundu, ni mimi."

Nikasema, "Sawa."

Nimekaa na hilo neno miaka zaidi ya thelathini. Palikuwa na nafasi hapo ya kusema, hata ningesema kwa mkato, nimekifungua, ngoja tukifunge. Lakini nilihesabu kwamba nikisema atanigombeza, tutapoteza muda, jua litazama, dume ataondoka. Nikasema sawa, akaenda.

Nyasi zilikuwa zinanifika kifuani na jua lilikuwa machoni pangu. Nilisubiri. Dume sikumwona tena, alikuwa ameshuka kwenye bonde. Kisha upande wa kulia, hatua kama ishirini na tano, pembe zikatokea juu ya nyasi na mgongo wa kahawia ukipita polepole, na ulikuwa unanipa ubavu wa nyuma. Nikavuta upinde. Na Moraa, nilitafuta kitambaa. Macho yangu yaliangalia chini ya mkia kwa mazoea kama yeye alivyonifundisha. Mimi niliyekifungua kwa mikono yangu niliangalia kama kipo, nikaona hakipo, nikaridhika, nikaachia.

Hakupiga kelele. Alisema, "Onchari, ni mimi."

Mshale ulikuwa umeingia kwenye nyonga, ukaenda ndani. Nilivunja mti wake nikauacha upande wa ndani kama nilivyowahi kuona wakubwa wakifanya. Nikambeba mgongoni. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Tulipofika mashambani jua lilikuwa limezama na njiani hapakuwa na mtu hata mmoja. Kila nyumba tuliyoipita walikuwa ndani wanaimba kuikaribisha Sabato. Ndiyo sababu hakuna aliyetuona tunakotoka.

Ni yeye aliyesema kwanza, mdomo wake ukiwa sikioni pangu. "Tutasema ni wezi wa ng'ombe."

"Wakiuliza sura zao?"

"Nitasema sikuona sura."

Tukatembea kidogo. Kisha akauliza, "Kitambaa kilianguka?"

Nikajibu, "Kilianguka."

Hapo ndipo nilipompiga mara ya pili. Ile ya kwanza naweza kuiita ajali nikitaka, na wewe na moyo wako mzuri utataka kuiita hivyo. Hii nyingine nilikuwa na akili zangu zote.

Hospitali waliutoa mshale. Mguu ulibaki kama ulivyoujua. Kulikuwa na msichana wa Birongo ambaye mazungumzo ya nyumbani kwao yalikuwa yameshaanza. Mshale ulikuwa umeharibu zaidi ya mguu, Nyangau mwenyewe akawatuma wazee wakaseme aolewe na mwingine. Hakuoa tena. Wewe ulikuwa ukimuuliza mbona huna watoto baba mkubwa, naye alikuwa akisema, "Ninaye mmoja, ananisumbua vya kutosha." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nakunywa chai.

Uongo wetu nao ulitembea kwa miguu yake. Kulikuwa na mzee wa ng'ambo aliyekuwa akituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kila siku ya soko. Alikuwa rafiki wa baba yetu. Wiki mbili baadaye vijana walimzomea sokoni Nyamache, wakamwagia maziwa yake chini, wakisema watu wake ndio waliompiga Nyangau. Nilikuwepo. Nilimwona akiokota kizibo cha kibuyu. Hakurudi tena, na sisi hatukuwahi kwenda kumtafuta.

Omogeni nilimchoma mwenyewe nyuma ya choo. Kitambaa nilikitupa mtoni.

Tangu jioni ile kuna kitu kilizimika ndani yangu. Unakumbuka ulipong'olewa jino ukapigwa sindano, ukawa unajishika shavu unasema hili si langu? Ndivyo nilivyo, ila mimi sindano yangu haikuisha. Siku uliyozaliwa walikuleta nikakupakata. Nilijua kwamba hii ni furaha, niliitambua kama unavyotambua nyumba ya mtu unayemfahamu ukiwa unapita kwa mbali. Nikasubiri nifike. Mama yako akasema, "Onchari, mbona huongei?" Nikasema nimeshangaa tu. Nimekuwa baba wa namna hiyo kwako, aliyelipa karo, aliyekuja siku ya wazazi, aliyekaa kimya. Usidhani ulikosa kitu ndani yako cha kunifurahisha. Hukukosa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinapenya sindano. Ni mafundo ya Nyangau. Wewe na mama yako mlikuwa mkicheka mafundo yake. Akikufungia viatu vya shule ulilazimika kulala navyo au ukate kamba. Akifunga mfuko wa mahindi tulikuwa tunaupasua. Alikuwa akifunga mara tatu, anavuta, anakagua, anavuta tena. Hamkujua kwa nini. Mimi najua, kwa sababu aliniambia mwaka mmoja baada ya ile Ijumaa, tukiwa tunafunga ndizi za kupeleka sokoni. Alisema, "Nilifunga vibaya, Onchari. Kile kitambaa. Mama alinionyesha fundo, mimi nikafanya haraka. Nilijipiga mwenyewe." Halafu akacheka, na nikacheka naye.

Alikaa akiamini hivyo mpaka akaingia kaburini. Hakuwa amefunga vibaya. Lile fundo lilinishinda kwa vidole. Nilitumia meno.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia hata mwaka jana. Siku tatu nilikaa naye hospitali, na siku ya pili tulikuwa sisi wawili tu chumbani. Aliomba maji, nikampa. Akauliza kama ng'ombe wako amezaa. Akasema anatamani kukuona ukirudi kutoka Amerika, ukimletea kofia pana. Nilimfunga kifungo cha juu cha shati kwa sababu alisema anasikia baridi. Nikatoka nje nikasimama koridoni, na niliporudi alikuwa amelala.

Siku ya mazishi wageni walikuwa wengi kutoka nje, mchungaji akaniomba nikalimani. Ulikuwa umekaa mstari wa mbele na leso nyeusi. Mchungaji akasema kwa Ekegusii jinsi Nyangau alivyopigwa mshale ujanani akilinda ng'ombe za ukoo, na jinsi alivyobeba alama ya ushujaa mwilini mwake. Nami nikasema kwa Kiswahili safi, bila kupandisha wala kushusha, alipigwa mshale akilinda ng'ombe. Watu wakasema amina. Baadaye walinishika mkono wakanisifu kwa kuwa imara. Wewe ulinikumbatia ukasema, "Pole Tata, lia tu." Nilitaka kulia kwa ajili yako. Sikuweza, na ninaona aibu kukuandikia hivyo.

Sasa unajua wewe. Mama yako hajui. Nitamwambia kesho tukishakusindikiza, kabla hatujashuka kwenye gari, maana nikimwacha afike nyumbani atashika kazi na mimi nitapata kisingizio. Yeye akitaka niwaambie ukoo, nitawaambia. Yule mzee wa maziwa atakuwa amekufa, lakini alikuwa na watoto wa kiume, na nyumbani kwao napajua.

Sikuzuii kwenda. Nenda. Umeisomea kazi ya ufugaji, na ng'ombe unawaelewa kuliko mtu yeyote hapa. Ninachokuomba ni kuhusu ile miezi miwili tu. Najua kule wana sheria na vifaa, na labda yule mwenye ranchi ni mwangalifu kuliko sisi tulivyowahi kuwa. Nyangau pia alikuwa mwangalifu. Uangalifu wake wote ulikuwa kwenye kitu kimoja ambacho mtu mwingine angeweza kukiondoa bila kumwambia. Wewe utakuwa mbele, umechuchumaa ndani ya umbo la mnyama, na macho yako yatakuwa kwa dume. Hutaona mwenye upinde anafanya nini nyuma yako. Hutajua ana haraka gani, wala amekuficha nini, wala anataka kumwonyesha nani kwamba yeye ndiye anayejua. Atakuwa mtu wa kawaida. Mimi nilikuwa mtu wa kawaida, na nilikuwa nampenda niliyempiga.

Naogopa, Moraa. Nimelisoma hilo neno mara mbili sasa kuona kama ni la kweli au nimelikalimani tu. Ni la kweli. Tangu Jumapili mikono yangu imekuwa baridi, na jana usiku nilisikia moyo wangu ukipiga mpaka nikadhani ni mtu anagonga mlango. Sijasikia hivyo tangu nilipokuwa na miaka ishirini na miwili.

Siku ya kwanza ukifika, kabla hujaonyeshwa kitanda chako, mwambie mwenye ranchi kwamba utakamua, utazoa mavi, utatengeneza ua kwenye theluji, lakini hutashika ule ubao. Akikuuliza sababu, usiseme ni mambo ya dini au unaogopa wanyama. Mwambie baba yako alimpiga kaka yake kwa mshale akimdhani swala, na kwamba alikuwa amewinda naye miaka miwili bila kukosea. Sema kwa Kiingereza chako kile kizuri, umtazame machoni. Akitaka kuhakikisha, mpe namba yangu. Nitamjibu kila atakachouliza.

Nasikia sauti ya mama yako barabarani anasalimia watu, na wewe unacheka. Nitaiweka barua hii ndani ya sweta, lile utakalolichagua kusafiri nalo, na nitakuomba usiifungue kabla ndege haijaruka. Huenda ukikasirika utakaa wiki, utakaa mwezi, bila kutaka kusikia sauti yangu. Una haki, Nyangau alikuwa baba yako kama mimi, na siku nyingine kuliko mimi. Lakini ukishaongea na yule mwenye ranchi, nipigie. Usinisalimie ukitaka. Anza na hilo tu, umekataa au hujakataa. Kama baada ya hapo ni kuniambia hutaki kuniita baba tena, niambie kwenye simu hiyo hiyo, nitasikiliza mpaka umalize.

Ni mimi niliyekuzaa,
Onchari